Mchezo kama darasa: kujifunza kuandika programu kwa kusoma msimbo

Katika wilaya za nyanda za kati, kutoka Kondoa hadi Mpwapwa, vijana wengi sasa wamepitia mafunzo ya kompyuta ya aina fulani. Wamejifunza kuchapa barua, kutengeneza majedwali na kutuma barua pepe. Ujuzi huu una faida, lakini humwacha kijana akiwa mtumiaji wa vitu vilivyotengenezwa na wengine. Kuandika programu, yaani kuieleza kompyuta kazi ya kufanya, bado huonekana kuwa jambo la chuo kikuu tu.

Ni kweli kwamba vyuo vipo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na kina ndaki nzima inayofundisha masomo ya kompyuta. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kilianza kazi katika majengo yaliyokuwa ya Sekondari ya Mazengo. Lakini wapo vijana wengi wa Kongwa, Bahi au Chamwino waliomaliza kidato cha nne wasipate nafasi, au waliopata nafasi wakakosa ada. Je, mlango umefungwa kwao?

Makala hii inaeleza njia moja ambayo watu wengi duniani wameipitia: kuchukua mchezo wa kompyuta ambao msimbo wake uko wazi, kuusoma, kuubadilisha kidogo kidogo na kuelewa unavyofanya kazi. Njia hii haihitaji ada wala intaneti ya kila siku. Inahitaji kompyuta moja inayofanya kazi, daftari, na uvumilivu.

Msimbo ni nini?

Kila programu huanza kama maandishi. Mtu huketi na kuandika maagizo, mstari baada ya mstari, katika lugha maalumu ambayo binadamu anaweza kuisoma. Maandishi hayo ndiyo msimbo. (Vijana wengi husema "kodi", ingawa neno hilo tayari lina kazi yake kule TRA.) Kwa lugha nyingi za kompyuta, msimbo hugeuzwa kuwa namba ambazo mashine inazielewa, na namba hizo ndizo zinazouzwa au kugawiwa. Anayezipokea anaweza kuitumia programu, lakini hawezi kuona ilivyotengenezwa. Ni kama kununua baiskeli ambayo mnyororo, fani na vikombe vyake vimefungiwa ndani ya sanduku lililochomelewa. Utaiendesha, lakini hutakuwa fundi baiskeli kwa njia hiyo.

Programu huria ni tofauti. Hutolewa pamoja na msimbo wake, na leseni yake humpa kila mtu uhuru wa aina nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuisoma na kuibadilisha, kuwagawia wengine, na kugawa hata ile aliyoibadilisha. Mmarekani Richard Stallman alianzisha mradi wa GNU mwaka 1983 kwa shabaha hiyo, na leseni maarufu ya GPL ilitolewa mwaka 1989. Waingereza husumbuka kueleza jambo hili kwa sababu kwao neno moja lina maana ya "huru" na pia "bure". Sisi tuna maneno mawili, na "huria" linaeleweka mara moja. Programu huria inaweza kuuzwa, ila iliyo chini ya GPL haiwezi kufungwa.

Faida ya uhuru huu tumekwisha kuiona hapa nchini. Mwaka 2004 timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maagizo kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kusubiri kampuni ya ng'ambo ione kama Kiswahili kina soko. Msimbo ulikuwa wazi, wakaingia ndani wakafanya kazi.

Kwa nini tuanze na michezo?

Wazazi na viongozi wengi huwa na wasiwasi wakisikia neno "gemu", na wana sababu. Kijana anaweza kupoteza siku nzima mbele ya kioo. Lakini kucheza na kusoma mchezo ni kazi mbili tofauti, na michezo ina sifa ambazo programu nyingine hazina:

- Matokeo yanaonekana. Ukibadilisha namba moja, kitu kwenye kioo kinakwenda mbio zaidi au polepole zaidi. Huhitaji mwalimu akuambie kama umepatia.
- Sheria unazijua tayari. Ukishaucheza mchezo, unajua nini kinatakiwa kutokea. Unaposoma msimbo unatafuta jambo unalolifahamu, hivyo hupotei haraka.
- Ndani yake mna masomo mengi: hesabu, picha, sauti, mpangilio wa kumbukumbu, hata uwezekano tunaofundishwa katika hisabati ya sekondari.

Fikiria jinsi mtoto anavyojifunza bao. Hakuna anayempa kitabu. Huketi pembeni ya wazee, hutazama kete zinavyotembea, huuliza kwa nini huyu ameanzia shimo lile na si hili, kisha siku moja huachiwa acheze. Kusoma msimbo ni kuketi pembeni ya fundi kwa namna hiyohiyo. Tofauti ni kwamba fundi huyu hachoki ukirudia swali lako mara kumi.

Njia hii ina historia ndefu. Mchezo wa Spacewar ulioandikwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1962, ulipitishwa kutoka chuo kimoja hadi kingine, na kila aliyeupata aliweza kuongeza lake. NetHack, uliotolewa mwaka 1987, bado unaandikwa na watu wa kujitolea. Freeciv ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1996 na wanafunzi wa chuo kikuu huko Denmark. Mwishoni mwa 1997 kampuni ya id Software ilitoa hadharani msimbo wa mchezo wake wa Doom, na watu wengi waliusoma ili kujua picha zile zilichorwaje.

Mfano: mchezo mdogo wa kuanzia

Tuchukue mfano mmoja ambao msomaji anaweza kuufuata. Python ni lugha ya kuandikia programu iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum, Mholanzi. Ni huria, na huhitaji kugeuza msimbo kuwa namba kabla ya kuuendesha: unachosoma ndicho kinachofanya kazi. Pygame ni nyongeza ya Python iliyoanza mwaka 2000 kwa ajili ya kutengeneza michezo. Ukiiweka kwenye kompyuta, mara nyingi huja na folda iitwayo examples, na ndani yake kuna faili aliens.py. Kuuendesha mchezo huu, andika:

python -m pygame.examples.aliens

Utaona chombo chako chini ya kioo kikienda kushoto na kulia kwa vitufe vya mishale. Kitufe cha nafasi hufyatua risasi. Juu wanatokea wageni kutoka angani wakidondosha mabomu. Ni mchezo mdogo, na msimbo wake wote ni takriban mistari 400. Ukiuchapa kwenye karatasi unapata kurasa zisizozidi kumi.

Karibu na mwanzo wa faili hilo utakuta majina manne yenye namba:

MAX_SHOTS = 2
ALIEN_ODDS = 22
BOMB_ODDS = 60
ALIEN_RELOAD = 12

Jina la kwanza ni idadi ya risasi zako zinazoweza kuwa hewani kwa wakati mmoja. La pili linahusu uwezekano wa mgeni mpya kutokea. La tatu ni uwezekano wa bomu kudondoshwa. La nne ni muda wa kusubiri baada ya mgeni mmoja kutokea kabla ya mwingine kuruhusiwa.

Sasa shuka chini hadi sehemu inayoanza na neno while. Huo ni mzunguko mkuu, moyo wa mchezo. Ndani yake kompyuta hurudia mambo yaleyale hadi chombo chako kiangamie au ufunge mchezo: huangalia vitufe vilivyobonyezwa, husogeza kila kitu, huona kama kuna vitu vilivyogongana, kisha huchora picha upya. Mstari mmoja mwishoni mwa mzunguko huamuru haya yasifanyike zaidi ya mara 40 kwa sekunde. Karibu kila mchezo wa kompyuta, hata ule mkubwa kabisa, una mzunguko wa aina hii.

Hapa ndipo hisabati inapoingia. Mgeni akitokea, kompyuta husubiri mizunguko 12. Baada ya hapo, katika kila mzunguko, ni kama inarusha dadu yenye pande 22: ukija upande mmoja maalumu, mgeni mpya hutokea. Kwa wastani itachukua marusho 22. Jumla ni mizunguko 34, na kwa mizunguko 40 kwa sekunde, hiyo ni chini kidogo ya sekunde moja. Je, ukibadilisha 22 kuwa 5? Hesabu kwanza, kisha jaribu. Utapata mizunguko 17, yaani mgeni mpya kila nusu sekunde au pungufu, na hutadumu muda mrefu!

Jambo jingine la kufurahisha: sauti ya risasi katika mchezo huu inatoka katika faili liitwalo car_door.wav, yaani mlango wa gari. Aliyeuandika alitumia alichokuwa nacho. Kijana wa Dodoma anaweza kurekodi mlio wa ng'ombe au kengele ya mbuzi, kuliweka faili hilo katika folda ya data, na kubadilisha jina moja katika msimbo. Siku hiyo mchezo unaanza kuwa wake.

Hatua za kufuata

1. Cheza kwanza. Andika kwenye daftari sheria zote unazoziona: nini husogea, nini huua, alama hupatikanaje.

2. Nakili folda nzima ya mifano mahali pengine. Fanyia kazi nakala, usiguse faili la awali. Ukiharibu, utaanza upya bila hofu.

3. Usisome kutoka juu hadi chini kama kitabu. Chagua swali moja, kwa mfano "alama huongezwa wapi?", kisha tafuta jibu kwa kutumia sehemu ya kutafuta maneno. Katika mfano wetu, tafuta neno SCORE.

4. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kabla ya kuendesha, andika unachotarajia kitokee. Kama kilichotokea ni tofauti, hapo ndipo somo lilipo.

5. Haribu kwa makusudi. Futa nukta pacha au mabano, kisha soma ujumbe wa hitilafu. Ujumbe huo hutaja namba ya mstari wenye tatizo. Anayejua kuusoma hatishiki nao tena.

6. Mweleze mwenzako. Kama huwezi kueleza mistari kumi kwa Kiswahili chepesi, bado hujaielewa.

7. Ongeza chako. Anza na kitu kidogo: rangi, sauti, alama maradufu. Baadaye ongeza kanuni mpya ya mchezo.

Tatizo la lugha

Wengi hukata tamaa kwa sababu msimbo umeandikwa kwa Kiingereza. Ukweli ni kwamba maneno yasiyobadilika katika Python ni 35 tu, na mwanafunzi wa kidato cha pili anayajua mengi: if, while, for, return, not. Tengeneza kamusi yako nyuma ya daftari: if ni "kama", while ni "wakati ambapo", return ni "rudisha".

Majina mengine yote huchaguliwa na mwandishi, na yanaweza kuwa ya Kiswahili au Kigogo. Tazama kipande hiki kinachotawanya kete za bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana mashimo 16 upande wake, na katika bao la kujifunzia kila shimo huanza na kete mbili.

mashimo = [2] * 16
shimo = 3
mkononi = mashimo[shimo]
mashimo[shimo] = 0
while mkononi > 0:
    shimo = (shimo + 1) % 16
    mashimo[shimo] = mashimo[shimo] + 1
    mkononi = mkononi - 1
print(mashimo)

Mstari wa kwanza unaandaa mashimo 16 yenye kete mbili kila moja. Kisha tunachagua shimo namba 3 (kompyuta huanza kuhesabu kutoka sifuri), tunachota kete zake zote na kuliacha tupu. Maadamu kuna kete mkononi, tunasogea shimo moja mbele na kuangusha moja. Alama ya % 16 inahakikisha kwamba baada ya shimo la mwisho tunarudi la kwanza, kama mkono unavyozunguka upande wa mchezaji. Mwishoni shimo namba 3 litakuwa na sifuri, na mawili yanayofuata yatakuwa na kete tatu tatu.

Hilo bado si bao kamili. Kula, kutakata na nyumba bado havimo. Lakini kikundi cha vijana watano, pamoja na mzee mmoja anayejua bao vizuri, wanaweza kuijenga kanuni moja kila wiki. Mzee hahitaji kujua kompyuta. Anachojua yeye ndicho ambacho kompyuta haikijui.

Kituo kisicho na intaneti

Pakua vinavyohitajika mara moja ukiwa mjini: Python yenyewe, pygame ya toleo linalolingana na Python hiyo, na maelezo ya Python ya kusomea. Viweke kwenye flashi na kuvigawa, leseni inaruhusu. Kompyuta kuukuu zinaweza kuwekewa Linux, ambayo nayo ni huria.

Umeme ukikatika, au betri ya sola ikiisha, kazi haisimami. Chapeni msimbo kwenye karatasi, mketi chini ya mti na penseli, mfuate mstari kwa mstari mkijifanya nyinyi ndio kompyuta. Mmoja aandike thamani ya kila jina inavyobadilika. Mafunzo haya ya karatasi huwafanya watu wasome kwa makini, kwa sababu hakuna kitufe cha kubahatisha. Wenye simu za Android wanaweza pia kupata programu zinazoendesha Python, na kipande cha bao hapo juu kitafanya kazi humo.

Mambo ya kuangalia

Msianze na mchezo mkubwa. Battle for Wesnoth, ulioanza mwaka 2003, ni mzuri na ni huria, lakini msimbo wake ni mrefu mno kwa anayeanza. Hata Freeciv ni wa baadaye.

Kwa watoto, au pale ambapo wazazi hawapendi michezo ya risasi, ipo GCompris. Ni mkusanyiko wa michezo ya elimu ulioanzishwa nchini Ufaransa mwaka 2000, wenye shughuli zaidi ya 100 za hesabu, kusoma na kufikiri.

Wasichana wapewe saa zao. Penye kompyuta moja na vijana kumi, mara nyingi wavulana ndio hushika kibodi na wasichana hutazama kwa nyuma. Ratiba iliyobandikwa ukutani husaidia kuliko maneno.

Heshimuni leseni. Mkigawa mchezo mlioubadilisha, acheni majina ya walioutunga na ongezeni yenu chini yake.

Mwisho, siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazoweza kuandika msimbo kwa kuombwa tu. Wengine husema basi hakuna haja ya kujifunza. Sisi tunaona kinyume chake. Msimbo ulioandikwa na mashine unaweza kuwa na makosa, na asiyejua kusoma hawezi kuyaona. Ni kama kutia saini mkataba ulioandikwa na mtu mwingine: kusoma ndiko kunakokulinda.

Kutoka mchezo hadi huduma

Hatuwezi kumwahidi kijana kwamba atapata ajira kwa kusoma mchezo mmoja. Lakini ujuzi anaopata ni uleule unaotumika katika kazi kubwa. Mfumo wa DHIS2 ambao hukusanya takwimu za vituo vya afya nchini ni programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameufanyia kazi kwa miaka mingi kwa sababu msimbo wake uko wazi. Jirani zetu wa Kenya walianzisha Ushahidi mwaka 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, ili wananchi watoe taarifa za matukio kwenye ramani. Mfumo huo ulitolewa ukiwa huria, ukatumika katika nchi nyingi. Dodoma yenyewe sasa ni makao makuu ya Serikali, na huduma nyingi za wananchi hupita katika mifumo ya kompyuta. Mtu fulani lazima aiandike, aisome na kuirekebisha. Mzunguko unaokusanya takwimu za zahanati nao huandikwa kwa while na for zilezile za aliens.py.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Katika eneo lenu kuna kompyuta ngapi ambazo hazitumiki jioni au mwishoni mwa wiki? Nani ana ufunguo?
- Ni mchezo gani wa jadi mnaoujua ambao kanuni zake hazijaandikwa popote? Mnaweza kuziandika moja baada ya nyingine?
- Wazazi wana wasiwasi gani kuhusu vijana na kompyuta? Mtawaonyesha nini ili waelewe kazi mnayofanya?
- Mtahakikishaje kwamba wasichana, na vijana wasiomaliza shule, nao wanaketi mbele ya kibodi?